Uchaguzi wa Tela Dogo la Kuishi na Kuchukulia Pikipiki

Katika mji wa Morogoro, na hasa katika mitaa kama Mwembesongo ambamo aghalabu wakazi wake hula kwa jasho la ufundi na biashara, wapo watu ambao riziki yao haikai mahali pamoja: fundi wa sola anayeitwa leo Kiroka na kesho Dumila, mtengenezaji wa pawatila na pampu za maji anayefuata msimu wa mpunga kutoka Dakawa hadi Ifakara, mfuga nyuki anayehama na maua, na mtafiti anayekaa mwezi mzima chini ya milima ya Uluguru akihesabu miti. Kwa mtu wa namna hii kulala gesti kila usiku ni gharama isiyokoma, na kulipa kodi ya nyumba asiyoilala ni hasara iliyo dhahiri. Basi si ajabu fikira ikimjia ya kuwa na chumba chenye magurudumu, akikivuta kwa gari lake, akilala, akipika na kuhifadhi vyombo vyake ndani yake mwaka mzima, na nyuma ya chumba hicho akiwa na nafasi ya kupakia pikipiki.

Matela ya jinsi hii yalianza kupata umaarufu Marekani, ambako sehemu ya mbele hufanywa makazi na sehemu ya nyuma hufanywa ghala, yenye mlango mpana unaoteremshwa hadi chini ukawa daraja la kupandishia pikipiki. Huko pikipiki hiyo mara nyingi ni ya michezo ya mwisho wa juma. Kwetu haja yake ni ya kazi, na pengine ni kubwa kuliko huko yalikobuniwa, kwa sababu hakuna tela la kulala litakalopanda salama hadi Nyandira, Tegetero au Kinole, ambako barabara ni nyembamba, kona ni kali, na masika hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Mwenye akili huliacha tela tambarare, akashusha pikipiki, akapanda mlimani na mkoba wa vifaa, na jioni akarudi kulala kwake. Pikipiki, basi, ndiyo nusu ya faida ya chombo hiki, na kama nitakavyoeleza, ndiyo pia asili ya hatari zake mbili kubwa.

Rai yangu ni hii: tela huchaguliwa kwa mizani kabla ya kuchaguliwa kwa macho. Wasafiri waliotutangulia katika njia hii waliijua hesabu hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii, penye mji wa mtawala Kisabengo uliozungukwa na ukuta, mji ambao msafiri Stanley aliuona mwaka 1871 na kuuandika kwa jina la Simbamwenni. Na mzigo wa mpagazi ulipimwa kabla ya kuondoka pwani, kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, kwa kuwa mkuu wa msafara alijua fika kwamba mtu aliyezidishiwa mzigo siku ya kwanza hatafika siku ya ishirini. Leo tunanunua tela kwa kutazama rangi, godoro na kabati, na uzito tunaukumbuka tukiwa tumekwisha kwama.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua tela dogo lenye uzito wa kilo 650 likiwa tupu. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina kilo 120 hivi. Maji lita 100 ni kilo 100, maana kila lita ni kilo moja. Mtungi mkubwa wa gesi wenye kilo 15 za gesi ndani, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 30. Betri moja ya kawaida ya sola ya Ah 100 ni kilo 30. Kitanda na godoro, kilo 40. Vifaa vya kazi, ambavyo fundi huvikadiria chini ya ukweli siku zote, kilo 80. Chakula na vyombo vya jikoni, kilo 50. Nguo, vitabu na viatu, kilo 40. Dumu la petroli ya akiba, kilo 10. Jumla ya vitu hivyo ni kilo 500, na tela uliloambiwa na muuzaji kwamba ni la kilo 650 linaingia barabarani likiwa na kilo 1,150. Mtu anayetembea kwa siku tatu huacha nusu ya vitu hivi nyumbani, lakini anayeishi ndani ya tela hana nyumba ya kuviacha. Kwa hiyo tazama kibao cha mtengenezaji kilichopigwa kwenye fremu, au kama limetengenezwa na fundi muulize uwezo wa ekseli, springi na tairi, kisha toa uzito wa tela tupu. Kinachobaki kikiwa chini ya kilo 500, tela hilo si la kuishi, hata likipendeza namna gani.

Baada ya uzito kuna mizania, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu wengi wanaojua uzito wa tela hawajui namna unavyokaa. Tela huzaa nguvu mbili: moja huangukia magurudumu yake, na nyingine huangukia kiungo kinacholishika gari, nayo nitaiita uzito wa shingo. Uzito wa shingo ufaao ni kati ya 10 na 15 katika mia ya uzito wote. Kwa tela letu la kilo 1,150 ni kama kilo 115 hadi 170. Ukizidi mno, huliketisha gari kwa nyuma na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko wa usukani. Ukipungua, tela huanza kutikisa mkia kwenye mwendo wa kasi au kwenye mteremko, kwanza kidogo, kisha kwa mapana yanayoongezeka, mpaka mkia unalikokota gari lililokusudiwa kuuvuta.

Sasa fikiri juu ya pikipiki. Katika tela la aina hii hukaa nyuma ya ekseli, kwa sababu mlango uko nyuma. Ikiwa kitovu cha uzito wake kiko mita 1.5 nyuma ya ekseli, na kiungo cha kuvutia kiko mita 3 mbele ya ekseli, basi pikipiki ya kilo 120 huiondolea shingo kilo 60. Tela lililokuwa na uzito wa shingo wa kilo 120 kabla ya kupakia, na ambalo lilikuwa limetulia barabarani, sasa lina kilo 60 tu katika 1,150, yaani 5 katika mia. Na kama tangi la maji la lita 100 liliwekwa mita 1 mbele ya ekseli, lilikuwa likichangia kilo 33 katika hizo. Ukishayatumia maji yote kwa siku tatu za kukaa Kiroka, ukaondoka asubuhi bila kujaza, shingo imebaki na kilo 27. Mwenye tela hakuongeza kitu wala hakubadili kitu, bali alioga na kupika tu, na safari yake ya kurudi imekuwa ya hatari.

Dawa yake haina mashaka. Tangi la maji likae juu ya ekseli yenyewe, ili kujaa na kukauka kwake kusibadili shingo. Betri, vifaa vizito na mtungi wa gesi viwe mbele ya ekseli. Pikipiki iingizwe ndani kadiri inavyowezekana, tairi lake la mbele likiingia chini ya kitanda ikiwa kitanda kimeinuliwa, na ifungwe kwa mikanda minne kwenye pete zilizochomelewa kwenye fremu, si kwenye mbao za sakafu. Na ikiwa tela linatengenezwa upya, mwambie fundi airudishe ekseli nyuma kidogo kuliko katikati, akijua kwamba pikipiki itakuwemo. Kisha pima mara mbili, pikipiki ikiwa ndani na ikiwa nje. Mizani ya kupimia magunia, ile ya bapa wanayoitumia wanunuzi wa mpunga, yatosha: weka kipande cha gogo juu yake, shusha shingo ya tela juu ya gogo, tela likiwa sambamba na ardhi na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na usome. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na sijui nusu saa nyingine yenye faida kubwa kuliko hiyo katika jambo hili lote.

Kuhusu gari la kuvutia, kitabu chake ndicho hakimu, wala si maneno ya kijiweni. Magari mengi ya pikapu na ya kazi huruhusiwa kuvuta kilo 750 tu tela likiwa halina breki zake lenyewe, ilhali gari lile lile laweza kuruhusiwa tani mbili, na Land Cruiser ya kazi hata kilo 3,500, tela likiwa na breki. Tela letu la kilo 1,150 lazima liwe na breki, na hili silifanyii mjadala. Breki sahali kwa mazingira yetu ni zile zinazojifunga zenyewe tela linapolisukuma gari lililopunguza mwendo, kwa nguvu ya msukumo huo. Hazihitaji umeme, na fundi wa Msamvu hapa Morogoro aweza kuzifungua na kuzitengeneza. Udhaifu wake huonekana kwenye mteremko mrefu, kwani husukumwa muda wote na kupata moto. Kwa hiyo ukishuka mlima Kitonga katika njia ya Iringa, ingia gia ndogo kabla ya kona ya kwanza, maana ukingoja hadi unuse harufu ya breki umechelewa. Tela likianza kutikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uwe imara, wala usikanyage breki kwa ghafula wala usijaribu kulikimbia.

Kumbuka vilevile kwamba uzito wa shingo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Abiria wanne, magunia mawili ya mchele nyuma, na shingo ya kilo 150, huenda gari limekwisha pita kiasi chake kabla tela halijasogea.

Ama ukubwa wa chumba, watu wengi hukosea kwa kutaka zaidi. Sanduku lenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 1.9 na kimo cha kumtosha mtu asimame bila kuinama lina nafasi ya pikipiki moja, kitanda cha mtu mmoja au wawili wanaopendana, meza ya kukunja na kabati. Likizidi mita 4 litataka ekseli mbili, na ekseli mbili ni tairi nne, seti nne za beringi, na tela lisilogeuzika kwa mikono katika uwanja mwembamba. Katika vichochoro vyetu, ambako nyumba zimekaribiana na nguo huanikwa njiani, tela ambalo watu watatu wanaweza kulisukuma na kuligeuza lina thamani zaidi kuliko lenye sebule. Mlango wa nyuma uwe na urefu wa mita 1.8 au zaidi ikiwa sakafu iko sentimeta 50 kutoka ardhini. Ukiwa mfupi, daraja huwa kali, na kupandisha pikipiki peke yako wakati wa mvua huweza kukuvunja miguu.

Je, ununue la ng'ambo au lijengwe hapa? Karavani za Uingereza zilizotumika ni nyepesi na zimepangwa kwa ustadi, na mlango wake huwa upande wa kushoto, ambao ndio upande wa kando ya barabara kwetu sisi tunaoendesha kushoto. Bali aghalabu mifupa yake ni ya mbao nyembamba zilizokusudiwa lami laini, nazo hazina nafasi ya pikipiki. La Marekani lina nafasi hiyo, lakini mlango wake huwa kulia, ukifunguka palipo na malori yapitayo, vyombo vyake vya umeme ni vya volti 120 ilhali umeme wetu ni wa 230, na hata yale yanayoitwa madogo mara nyingi hupita tani moja na nusu yakiwa tupu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kujenga hapa. Mafundi wa kuchomelea wa Morogoro wana uwezo, SIDO na chuo cha VETA Kihonda vipo kwa anayetaka kushauriana na wajuzi, na lililojengwa hapa hutengenezeka hapa. Sharti langu ni moja tu kwa fundi: magurudumu ya tela yawe na matundu ya nati yaleyale na saizi ileile ya tairi kama ya gari lako, ili tairi moja la akiba lihudumie vyote viwili. Ukikwama usiku katikati ya mbuga ya Mikumi utaelewa kwa nini nimelisisitiza. Na usikubali tairi kuukuu kwa sababu tu lina kashata. Soma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa zilizo ubavuni, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho zikiwa mwaka, na lililopita miaka sita lisiwe chini ya nyumba yako.

Paa lipakwe rangi nyeupe, na kati ya bati la nje na ubao wa ndani pawe na povu gumu la kuzuia joto, kwani Morogoro mwezi wa Februari haina huruma kwa anayelala ndani ya bati. Madirisha mawili yatazamane, yote yawe na wavu wa mbu. Umeme si mgumu: paneli ya wati 200 katika jua letu hutoa karibu yuniti moja kwa siku njema, nayo yatosha taa, simu, feni na friji ndogo ya betri, isipokuwa siku za mawingu ya masika ambapo friji itabidi izimwe.

Sasa nije kwenye hatari ya pili ya pikipiki, ambayo naiogopa kuliko ya kwanza. Petroli haikai ndani ya tangi la pikipiki kwa utulivu. Hutoa mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kungoja cheche. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, moto ukalipuka watu wakiwa wanachota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi wetu tulizika ndugu au majirani. Kwa hiyo usilale kamwe na pikipiki ndani ya chumba unacholala. Usiku ishushe, ifunge kwa mnyororo kwenye pete nene iliyochomelewa kwenye fremu ya tela, na uifunike turubai. Safarini funga koki ya mafuta. Ukuta kati ya ghala na chumba, pamoja na nafasi ya chini ya kitanda inamoingia tairi, uzibwe usipitishe hewa, na ghala liwe na matundu chini kabisa ya kuta, kiasi cha sakafu, si juu. Matundu kama hayo yanahitajika pia penye jiko la gesi, kwani gesi ya kupikia nayo huzama chini. Dumu la akiba likae nje, katika kizimba chake kwenye shingo ya tela.

Na juu ya hatari hiyo ongeza ile ya jiko la mkaa. Usiku karibu na milima una baridi ambayo mtu wa bondeni haitegemei, na kishawishi cha kuingiza jiko lenye mkaa uliokwisha kushika moto ili kupasha chumba ni kikubwa. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu wala rangi, na chumba kidogo kama hiki hujaa upesi. Anayelala humo huenda asiamke. Vaa sweta, chukua blanketi la pili, na jiko libaki nje.

Mahali pa kuegesha pana adabu zake na hekima zake. Ukifika kijijini nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, jitambulishe, utie jina lako katika kitabu cha wageni, ueleze kazi yako na siku utakazokaa. Mgeni aliyepiga hodi hulindwa, na aliyejificha hushukiwa. Uliza wazee maji hupita wapi masika yakija. Usiegeshe kingoni mwa mto kwa sababu ya uzuri wake: Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara ya Dodoma pale Dumila, na mito inayoshuka kutoka milimani hujaa wakati bondeni hakujanyesha hata tone. Maji machafu yachimbiwe shimo mbali na kisima, na choo cha kubebeka kimwagwe chooni, si mtaroni.

Tela lina usajili wake TRA na namba yake ya T, mbali na ya gari, na lina bima yake. Pikipiki nayo ina namba yake ya MC. Hakikisha pia kwamba leseni yako inakuruhusu kuvuta tela. Taa za nyuma, indiketa na viakisi vifanye kazi, na minyororo miwili ya usalama ipite chini ya kiungo kwa kupishana.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ruhusa ya kulipakia tela vitu vyako vyote, maji, gesi na pikipiki, ulipeleke kwenye mizani, kisha ulivute hadi Mikese na kurudi. Likiwa na breki, uzito usiopita uwezo wa gari lako, na shingo isiyopungua 10 katika mia pikipiki ikiwa ndani, lipa. Akikataa lisipimwe, mwachie tela lake, utafute jingine.